Kasisi Aliyekataa Kusoma Tangazo la Tatu

Wasifu huu umeandikwa na mke wa marehemu, na unasomwa na mdogo wake wa mwisho kwa idhini ya watoto wote. Marehemu alizoea kusema kwamba wasifu wa maziko ni mahali ambapo hata mlevi wa mtaa hugeuka kuwa mtu wa maji na maombi, na aliomba wa kwake usiwe hivyo. Basi tutasema alivyokuwa. Liko jambo moja lililosemwa sana juu yake, barazani na hata ndani ya kanisa. Hatutaliruka. Litasemwa mahali pake, na wanaolijua kwa upande mmoja wavumilie kuusikia wa pili.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1947, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Mama yake alikuwa amewazalisha wanawake wa mtaa mzima, na siku yake ilipofika hakumwita mtu. Alijizalisha mwenyewe huku akimfokea mumewe amletee maji ya moto, na mume, kwa kuchanganyikiwa, akamletea gundi ya mbao iliyokuwa ikichemka karakanani. Mama huyo alisimulia kisa hicho kila Krismasi hadi alipofariki, na mumewe kila mara alitoka nje kwenda kuangalia kama mvua inakuja.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa, kisha sekondari ya wavulana, na mwaka 1967 akaingia chuo cha ualimu, akahitimu kufundisha hesabu. Alipokuwa shuleni alipewa kazi ya kupiga kengele. Siku moja mwalimu mkuu alitaka kipindi kikatwe ili mgeni wake asikae akingoja, akamwamuru apige. Kijana akajibu kwa adabu kwamba saa haijafika. Alichapwa viboko mbele ya wenzake, akashukuru kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile, akasimama chini ya kengele, na saa ilipofika akapiga. Wenzake walimpa jina la utani la Saa Haijafika, na wapo wazee hapa leo ambao hawajawahi kumwita kwa jina lingine.

Alifundisha miaka mitatu, kisha mwaka 1972 akaacha chaki na kwenda chuo cha theolojia. Baba yake hakufurahi. Alimuuliza kama hesabu zimemshinda. Akajibu kwamba hazijamshinda, ila amechoka kufundisha mambo yenye jibu moja.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia wa shule aliyokuwa akifundisha, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo. Kabla ya hapo walitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama utaratibu wetu ulivyo: kasisi husoma majina ya wanaotaka kuoana, kisha huuliza kama yupo anayejua kizuizi cha haki. Kwa kawaida hakuna anayejibu, watu hukohoa na ibada huendelea. Juu ya ndoa yao hakukuwa na neno, isipokuwa shangazi mmoja wa bibi harusi aliyenong'ona kwa sauti ya kusikika safu nne kwamba bwana harusi ni mwembamba mno, akipigwa na upepo atapotea. Hakupotea. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Alifanywa shemasi tarehe 14 Desemba 1975 na kasisi tarehe 12 Desemba mwaka uliofuata. Alihudumu kama kasisi msaidizi katika parokia mbili, kisha mwaka 1983 akakabidhiwa kanisa kubwa la mjini, lenye kwaya mbili, kinanda cha upepo, na wazee wa kanisa waliozoea kusikilizwa. Aliyezoea zaidi ni mwenyekiti wao, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Bati lililowafunika waumini lilitoka dukani kwake, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau. Haki yake apewe: alilipenda kanisa kwa dhati, na aliwahi kukesha na mafundi mvua ilipotishia kuharibu madhabahu. Marehemu alimheshimu na kumwita mzee wangu.

Mwaka 1989 binti wa Mwenyekiti alichumbiwa na kijana mtanashati, mhasibu wa kampuni moja, aliyejitambulisha kuwa yatima. Mjomba wake ndiye aliyekuja kuleta posa, mtu wa maneno matamu na viatu vya kung'aa. Kadi ziligawiwa, ukumbi ukakodiwa. Tangazo la kwanza lilisomwa bila neno. La pili lilisomwa tarehe 15 Oktoba. Marehemu aliuliza swali la kawaida, watu wakaanza kukohoa, na katika safu ya mwisho akasimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Mimi ninalo," alisema.

Hapa ndipo marehemu alipokosea, na alilikiri kosa hilo mwenyewe hadi mwisho. Angepaswa kumwambia mama yule wakutane baada ya ibada. Katika miaka yote ya ukasisi wake hakuwahi kuona mtu akisimama, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa ndani yake akamtangulia. Aliuliza pale pale, mbele ya kanisa lote, kizuizi ni kipi. Mwanamke akajibu kwamba bwana harusi ni mume wake, walifunga ndoa kanisani, na mtoto huyu ni wake. Kwaya ya vijana ikacheka. Binti wa Mwenyekiti, aliyekuwa safu ya mbele na kofia mpya, hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyoonekana kushuka.

Mwanamke yule alikuwa fundi cherehani kutoka mji mwingine. Habari za tangazo alizipata kwa mteja aliyekuja kupimwa gauni la kuvaa kwenye harusi hiyo hiyo. Bwana harusi alikana kumjua, akasema ni mgonjwa wa akili. Kanisa walilofungia ndoa lilikuwa limeungua pamoja na kila kilichokuwemo. Mwenyekiti alitaka tangazo la tatu lisomwe Jumapili ifuatayo kama lilivyopangwa. Marehemu alisema hatalisoma mpaka aujue ukweli, na katikati ya juma akapanda basi pamoja na katekista kwenda kuutafuta kijijini kwa kijana.

Fundi alikuwa amewaambia jambo moja: mama mkwe wake, mama wa kijana huyo, hajafa, kwani mwezi uliopita tu alimshonea gauni. Walimkuta mama huyo uani akichambua maharage. Alipoona kola ya kasisi mlangoni alipiga yowe kabla hajaambiwa lolote, akidhani mwanawe amekufa, na majirani wakaanza kukusanyika na kujifunga khanga. Ilichukua muda kumweleza kwamba mwanawe ni mzima, na kwamba aliyesemekana kufa ni yeye. Katekista alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mtu akinyamaza kilio kwa hasira namna ile. Mama aliosha mikono, akavaa gauni lake jipya, akasema twendeni.

Jumapili ya tatu, kabla ya ibada, Mwenyekiti aliingia chumba cha mavazi akiwa na barua ya Askofu wa wakati ule, iliyomtaka Kasisi amalize suala hilo kwa busara. Kwa Mwenyekiti busara ilikuwa kusoma. Nje kanisa lilikuwa limejaa hadi veranda, wengine hawakuwa hata waumini wetu. Marehemu alikuwa amekwisha kuvaa joho na kanzu, na stola, ile skafu ya kikasisi, imo mkononi. Alimwomba Mwenyekiti amwite bwana harusi. Kijana akaja na mjomba wake. Nyuma ya mlango, kwenye kiti chini ya kanzu za kwaya zilizotundikwa, alikuwa ameketi mama yake.

Mama hakusimama. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umekonda," alimwambia. "Nimesikia unaoa, na mimi nimekufa."

Mjomba aliuliza choo kiko wapi, akaelekezwa, na hajaonekana tena hadi leo. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa mwigizaji wa kukodi, na kwamba aliwahi kuwa mjomba wa watu wengine pia. Bwana harusi akatoka kwa mlango wa pembeni. Alibaki Mwenyekiti, na kengele ya ibada ikaanza kupigwa.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Mwenyekiti alisema.

"Mzee wangu," marehemu alijibu, "Jumapili ile nilikosea kuuliza kwa sauti, na kwa hilo nakuomba radhi wewe na binti yako. La leo siombi radhi."

Alivaa stola, akaingia kanisani, akasoma matangazo ya juma, na hakusoma lile. Alasiri alikwenda kwa bibi harusi kumwomba radhi yeye mwenyewe. Binti alimjibu kwamba aibu ya Jumapili moja itaisha. Miaka mitano baadaye, akiwa ameolewa vizuri, alimleta mtoto wake wa kwanza kubatizwa na marehemu, ingawa kulikuwa na kanisa hatua chache kutoka kwake.

Lakini Mwenyekiti, baba wa binti, hakuachilia. Wiki ile ile ya tangazo la tatu mtoto wa fundi alishikwa na surua, na mke wa marehemu akasema mgonjwa hapandishwi basi. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa nyumba ya kasisi, na yeye ndiye aliyetandika kitanda katika chumba cha mabinti. Marehemu alikuwa ameshauri wapelekwe hosteli ya akina mama, ili watu wasipate la kusema. Mke wake alimjibu kwamba watu hawajawahi kukosa la kusema. Surua ikapona, lakini fundi alikuwa amekwisha kupata kazi ya kushona kanzu za kwaya, akabaki.

Ndipo likazuka neno, na lilizuka barazani, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mchana kweupe. Mwenyekiti aliwauliza waliokuwa pale kama hawashangai Kasisi kuhangaikia ndoa ya mwanamke asiyemjua, hadi kupanda basi. Akawaambia wamsikilize mtoto yule anamwita nani. Ni kweli mtoto alimwita Baba. Watoto wote nyumbani walimwita Baba, na mlinzi wa usiku, aliyemzidi umri, naye alimwita Baba. Walisema pia wanafanana. Kwa jambo moja walifanana kweli: wote wawili hawakuwa na nywele.

Neno lilipanda ngazi hadi ofisi ya Askofu. Umoja wa Akina Mama walichukua vitambaa vyao kwa fundi vikiwa vimekatwa nusu. Mabinti wa marehemu walirudi shuleni na maswali ambayo mtoto hapaswi kuulizwa. Mapema mwaka 1990 marehemu aliitwa mbele ya kamati ya Askofu. Mke wake alikwenda naye akakaa kwenye benchi la korido, mkoba magotini. Alipeleka ujumbe ndani mara mbili kwamba yuko tayari kuulizwa, kwa kuwa nyumba inayozungumzwa ni yake na funguo anazo yeye. Hakuitwa. Mabwana wale walikuwa wakijadili usiku wa nyumba yake, na waliona si heshima kumhusisha.

Ndani walimpa marehemu njia ya kutokea. Amwombe Mwenyekiti radhi kanisani, amwondoe yule mwanamke nyumbani, na habari nyingine hazitaandikwa popote. Njia hiyo ilikuwa pana, na wengi wangeipita. Katibu wa kamati, ambaye sasa amestaafu, ndiye aliyetueleza jibu lake.

"Nikimfukuza leo," alisema, "nitakuwa nimewajibu kwamba ni kweli."

Alinyang'anywa leseni ya kuhudumu. Familia ilitoka katika nyumba ya kasisi na kuhamia vyumba viwili nyuma ya chuo cha ufundi, ambako marehemu alirudia kufundisha hesabu. Fundi na mwanawe walikuja pia. Jumapili marehemu alikaa safu ya katikati kama muumini wa kawaida, katika kanisa alilokuwa akiliongoza, na alipokea Meza ya Bwana kutoka kwa mikono ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuihudumia. Watu waliacha nafasi pande zote mbili za benchi letu. Watoto walimwomba wahamie kanisa lingine. Alisema atahama akitumwa, hatahama akitazamwa.

Askofu mpya aliposhika fimbo, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwita mke wa marehemu na kumuuliza kile kilichopaswa kuulizwa tangu mwanzo. Alijibiwa. Leseni ilirudishwa Julai 1991, kwa barua fupi isiyosomwa mahali popote. Hakuna mimbari iliyotaja, hakuna baraza lililoambiwa. Alisemwa kwa sauti, akasafishwa kwa mnong'ono. Marehemu aliridhika na barua ile. Mke wake hakuridhika, na hajaridhika.

Alipelekwa parokia ya mwisho wa barabara, yenye kanisa lisilo na milango, akahudumu huko hadi alipostaafu mwaka 2012. Alijenga kanisa, zahanati na madarasa manne, lakini watu wa huko wanamkumbuka zaidi kwa mahubiri mafupi. Alisema mahubiri ni kama chungu jikoni, ukichelewa kukiepua kila mtu anasikia harufu. Fundi alifungua duka lake la ushonaji mtaa wa pili, na kanzu zote alizovaa marehemu tangu wakati huo, pamoja na aliyovaa leo, zimetoka kwenye cherehani yake. Hata hivyo neno lilimfuata hadi huko. Lilifika kabla ya mizigo yetu. Binti yetu wa kwanza alipochumbiwa, wakwe watarajiwa waliuliza kwa adabu kama familia ina mambo. Mwaka jana tu, mtu asiyemjua Mwenyekiti wala fundi alilisimulia neno lile kwenye foleni ya benki, na mke wa marehemu alikuwa nyuma yake.

Mwaka 2018 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Mwanzoni aliificha hali hiyo kwa kushika Biblia kwa nguvu. Siku divai ilipomwagika juu ya kitambaa cha madhabahu, alipokuwa akimsaidia kasisi wa parokia, aliweka kikombe chini, akasema kwamba sasa ni zamu ya wengine. Madaktari walimtibu kwa uaminifu, na familia inawashukuru wao na wauguzi, hasa yule aliyemwita Babu Mbishi na kufaulu kumpa dawa kwa kumwambia saa imefika.

Februari mwaka huu, marehemu akiwa amelazwa, alikuja Mwenyekiti. Sasa ni mzee sana, anatembea na mkongojo na mjukuu. Alikaa pembeni ya kitanda, akalia, akamwambia marehemu kwamba alijua tangu siku ile katika chumba cha mavazi kuwa mtoto yule ni wa mhasibu, na neno lile la uongo alilisema kwa sababu alikuwa ameumia. Marehemu alimshika mkono, akamwambia yamekwisha. Mzee alipoinuka, mke wa marehemu alimsindikiza hadi lango la hospitali, kama ipasavyo kwa mgeni.

"Baba," alimwambia, "yeye amekusamehe kitandani. Wewe ulimsema barazani."

Mzee aliutazama mkongojo wake. Kisha akasema kwamba amesikia, na aambiwe siku na mahali.

Mke aliporudi wodini, mume wake alikuwa amekwisha kuelewa. Alimwomba amwache mzee wa watu. Mke akamjibu kwamba yeye amesamehe la kwake, lakini la mke na watoto halikuwa lake kulisamehe. Marehemu alifumba macho, tukadhani amelala.

"Basi msimpe kipaza sauti muda mrefu," alisema. "Anapenda kuhutubia."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, mke wake akimnyoa ndevu. Upande mmoja ulikuwa umekwisha kunyolewa, na alimalizia wa pili.

Marehemu ameacha mke, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, watoto watatu, yaani mabinti wawili na mwana mmoja wa kiume, pamoja na wakwe zao, wajukuu saba, mdogo wake anayesoma haya, na dada yake mmoja. Katika safu ya familia, kwa mwaliko wa mke wa marehemu, wameketi pia fundi na binti yake. Binti huyo ni mtoto wa mhasibu aliyetoka kwa mlango wa pembeni, na amelelewa na kusomeshwa katika nyumba ya marehemu. Anamwita Baba, na ana haki. Wanaotaka kutafuta kufanana watazame, tumewaketisha mbele.

Mwili utashushwa kaburini baada ya neno moja. Katika ratiba mliyoshika hapo nafasi hiyo haikuandikiwa jina, kwa heshima ya uzee wa mwenye kuijaza. Yupo, tumemwona. Mzee wetu, karibu mbele. Mjukuu wako atakushika mkono, na kipaza sauti kiko tayari. Familia yote itasimama kukusikiliza, kisha tutamzika mtu wetu, na Mungu aliyemjua pande zote mbili ampe usingizi mtulivu.